Paka wa mtaa wamepungua Bukavu, panya wamepata nafasi

Kule Kadutu nyumba za mbao zimeegemeana toka juu ya kilima mpaka chini. Usiku ukifika, mbio inaanza juu ya mabati. Siyo mwizi, siyo mvua: ni panya. Asubuhi mama anakuta mfuko wa unga wa muhogo umetobolewa, sabuni imetafunwa, na mara ingine mtoto ameumwa kidole akiwa amelala. Wazee wanauliza: paka wetu walienda wapi?

Zamani

Wakati mji huu ulikuwa unaitwa Costermansville, wazungu walikaa Ibanda kando ya ziwa, wafanyakazi wakawekwa Kadutu, na baadaye Bagira. Parseli zilikuwa na nafasi: jiko nje, migomba nyuma. Paka alikuwa wa parseli moja kwa jina tu. Alikula kwa mama huyu, akazalia kwa jirani, akalala kwa mwingine. Hakuna aliyemfunga, hakuna aliyemfukuza. Mwisho wa miaka ya 1950, samaki wadogo walitolewa Tanganyika wakaletwa mu ziwa Kivu. Ndiyo sambaza za leo. Paka naye akapata fungu lake: kichwa cha samaki kinachoanguka sokoni ao karibu na mitumbwi.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1994 wakimbizi walifika kwa wingi toka Rwanda. Vita vya 1996 na 1998 vikasukuma watu wa vijiji kuja mjini. Migomba ikakatwa, nyumba zikajengwa mpaka kwenye mabonde, takataka zikajaa kwenye mitaro. Panya akapata chakula na mashimo ya kujificha.

Sumu inaua mlinzi

Ju panya walizidi, watu walikimbilia sumu inayouzwa barabarani, mu vifuko vidogo visivyo na jina. Ni bei ya chini, na asubuhi unaokota panya wawili watatu. Lakini angalia inavyofanya kazi. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo: panya anavuja damu ndani ya mwili siku kadhaa, anatembea kama mlevi. Paka anamkamata bila shida, anamla, naye anakufa.

Sasa piga hesabu. Panya jike anabeba mimba wiki tatu hivi, anazaa watoto sita, nane, hata zaidi; na hao watoto wanaanza kuzaa kabla hawajafikisha miezi minne. Paka anabeba mimba miezi miwili, anazaa watatu ao wanne. Ukiwaua wote wawili kwa sumu, nani atarudi wa kwanza? Ndiyo maana methali inasema: paka akiondoka, panya hutawala.

Wengine wanaua paka kwa sababu ya uchawi, zaidi sana akiwa mweusi. Rangi ya manyoya hailogi mtu. Panya je, anamaliza unga kweli.

Paka peke yake hatoshi

Tusimpe paka sifa ya bure. Mwaka 2018 watafiti wa New York walitangaza matokeo ya kamera walizoweka siku 79 mahali penye panya na paka wa barabarani. Paka waliua panya wakubwa wawili tu. Paka anapenda panya wadogo. Yule mkubwa wa mtaro anamwogopa. Lakini panya wakisikia harufu ya paka, wanajificha na hawatembei ovyo. Kwa hiyo paka anafanya kazi vizuri pale ambapo takataka zimetolewa na unga umefunikwa.

Kwa wachimbaji

Wewe uliye Kamituga, Nyabibwe ao Luhwindja, jambo hili ni lako pia. Kambi ya mabache, mchele mu mfuko, mabaki ya bugali nje: panya hatafuti kingine. Tena mkojo wake ukiingia mu maji, unaweza kuleta leptospirosi, ugonjwa unaopita kwenye kidonda. Mchimbaji anasimama mu maji ya shimo, mama mwingine anaosha mchanga siku nzima, na mikono ina michubuko. Homa kali, misuli inauma, macho mekundu: nenda kituo cha afya, useme kwamba unafanya kazi mu maji.

Nyumbani na kambini, weka unga mu ndoo ao bidoni yenye mfuniko. Ukiwa na paka, usitie sumu. Umpe chakula kidogo. Paka aliyeshiba bado anawinda. Jirani akitia sumu, mwombe azike panya waliokufa. Na paka akikuuma ao kukukwaruza, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda kwa muganga, ju kichaa cha mbwa kinapita kwa paka pia.

Mwenye paka akizalisha, asitupe watoto bondeni. Kambi moja ya machimbo inaweza kuwachukua wote.