Somo Wetu, Somo Letu

Fungu la kusoma: 1 Wakorintho 1:10–17

Wewe uliye jikoni ukichochea moto wa chai, nawe uliye njiani kwenda kukata miwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache.

Mama mmoja mjane wa hapa kwetu Uriri alimpeleka mwanawe kidato cha kwanza. Barua ya kumwita ilitaja shule yenye jina la Mtakatifu Paulo. Alipofika kituo cha magari akauliza gari la kwenda Mtakatifu Paulo, utingo akampandisha. Wakateremka langoni na sanduku la bati, godoro na ndoo. Mwalimu akaisoma barua, akatikisa kichwa. "Mama, hii si yetu. Huyu ni Paulo mwingine." Nauli ya kwenda kwa huyo Paulo mwingine hakuwa nayo. Wakarudi nyumbani usiku.

Siku ya tatu akaja kwangu, akaniuliza, "Kasisi, kwani watakatifu mbinguni ni wachache hata tugombee mmoja?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Maana juma lile lile baraza la kanisa letu lilikuwa linagombana juu ya jina hilo hilo. Tulikuwa tumejenga kanisa dogo, mabati mapya, lakini halikuwa na jina. Kundi moja likasema liitwe Mtakatifu Paulo. Kundi la pili likasema Paulo amekwisha kuchukuliwa, kwa kuwa ndugu zetu Wakatoliki wana Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo pale Homa Bay. Watu watadhani tumehamia kwao. Wengine wakataka jina la mzee aliyetoa kiwanja. Maneno yakawa makali, na jamaa mbili zikaacha kuja ibadani. Nami nakiri mbele yenu, mchungaji nilikuwa na upande wangu, na nilisema maneno ambayo hayakufaa.

Basi leo natumaini tujifunze kwa nini nyumba nyingi huitwa kwa jina la mtakatifu mmoja, na jina hilo linatudai nini.

Katika Kiswahili watu wawili wenye jina moja huitana "somo". Somo wako si mshindani wako. Ukimwona unafurahi, na akipatwa na jambo unaguswa. Sisi Wajaluo nasi twajua habari hizo. Mtoto akipewa jina la babu aliyefariki, jamaa humtazama wakisema, huyu na aishi kama yule. Jina ni sifa, lakini ni deni pia.

Kanisa tangu zamani limefanya vivyo hivyo. Nyumba ya ibada huwekwa wakfu kwa Mungu peke yake, kisha hupewa jina la mtumishi wake mmoja ili watu wakumbuke mwendo wake. Ndiyo maana kanisa lenye jina la Paulo huweza kufanya sikukuu yake tarehe 25 Januari, siku ya kuongoka kwake, ama tarehe 29 Juni, akikumbukwa pamoja na Petro. Shule, hospitali na hata miji ikafuata desturi hiyo. Kwa hiyo majina yanarudiwa, wala hakuna mwenye hatimiliki.

Hebu tuwatembelee masomo wetu wachache.

Tuanze kwa jirani, Uganda. Juu ya kilima cha Namirembe, mjini Kampala, lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, la Anglikana kama sisi. Jengo tunaloliona leo si la kwanza. Kanisa moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Jingine, la matofali, lilipigwa na radi likaungua mwaka 1910. Waumini hawakusema jina hili lina mkosi. Walijenga tena, kati ya mwaka 1915 na 1919. Paulo mwenyewe alivunjikiwa na merikebu mara tatu, na bado akasafiri.

Turudi Kenya. Pale Limuru kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Mbegu yake ilipandwa pwani, Freretown karibu na Mombasa, makao ya watumwa waliowekwa huru. Hapo mwaka 1903 ilianzishwa shule ya kuwafundisha watumishi wa kanisa. Mwaka 1930 ikahamia Limuru. Mwaka 1955 Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wakakubali kufundisha wachungaji wao chini ya paa moja. Mwaka 2007 chuo kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu. Angalieni, madhehebu matatu, somo mmoja, meza moja.

Sasa twende mbali kidogo. Jirani zetu wa Kisii wana watoto wengi waliohamia jimbo la Minnesota, Marekani. Mji mkuu wa jimbo hilo waitwa Saint Paul, yaani Mtakatifu Paulo. Lakini mwanzoni watu walipaita Jicho la Nguruwe! Hilo lilikuwa jina la utani la Pierre Parrant, muuza pombe mwenye jicho bovu. Mwaka 1841 padre mmoja Mfaransa, Lucien Galtier, alijenga hapo kanisa dogo la magogo juu ya mto Mississippi, akaliita la Mtakatifu Paulo. Jina la kikanisa likalishinda jina la kilabu cha pombe, na mji mzima ukalichukua.

Jimbo la Nebraska nalo lina mji mdogo wa Saint Paul, ulioanzishwa mwaka 1871. Huo ulipata jina kwa ndugu wawili waliouanzisha, ambao jina la ukoo wao lilikuwa Paul. Hawakuwa mitume, walikuwa watu wa kupima ardhi na kutafuta makao. Mtu aweza kucheka kwamba wamejipandisha cheo. Lakini fungua Warumi 1:7, utaona Paulo akiwaita waumini wote wa Rumi watakatifu, na wengi wao walikuwa watu wasiojulikana.

Na huyu Paulo mwenyewe je? Wengi husema Mungu alimbadilisha jina njiani kwenda Dameski. Sivyo. Katika Matendo 13:9 twaambiwa tu kwamba Sauli aliitwa Paulo pia. Paulo ni jina la Kirumi, na maana yake ni "mdogo". Tumegombania ukubwa wa jina ambalo maana yake ni udogo.

Tena, ndugu msikilizaji, ugomvi wetu yeye aliuona kabla yetu. Kule Korintho watu walijigawa, hawa wakasema ni wa Paulo, hawa wa Apolo, hawa wa Kefa. Paulo hakufurahi kuwa na chama. Aliwauliza kama ni yeye aliyesulibiwa kwa ajili yao. Akamshukuru Mungu kwamba aliwabatiza wachache tu, mtu asije akadhani alibatizwa kwa jina la Paulo. Kwa maneno mengine, ukimtumia Paulo kumfukuza ndugu yako, umepanda gari lisilofika kwa Paulo.

Niliposoma fungu hilo niliona haya. Jioni ile nikaenda kwa mzee mmoja aliyeacha ibada. Nikamwambia, "Mzee, nilikukosea barazani, nisamehe." Alikaa kimya sana. Kisha akauliza, "Yule mtoto wa mjane, amefika shule?" Nikasema bado. Akaingia ndani, akatoka na pesa ya nauli mkononi, akasema, "Mwambie aulize jina la kata na la soko la karibu, asiulize jina la mtakatifu peke yake."

Mtoto alifika. Kanisa letu nalo lina watu wote tena, ijapokuwa ubao wake mpaka leo haujaandikwa jina. Tutaliandika kwa kupatana.

Nawe, labda unaitwa Paulo, au Petro, au Maria. Labda ulisoma shule ya mtakatifu fulani, au watibiwa hospitali ya fulani. Leo jiulize, huyu somo wangu aliishi namna gani? Huyo ndiye somo wetu, na mwendo wake ndio somo letu.

Natuombe. Ee Bwana, umetuita watakatifu nasi hatujafanana na jina hilo. Utuponye ugomvi wa majina, utufanye wadogo, na utukusanye katika Jina moja lipitalo majina yote. Amina.