Kupanda na Kurudi Kabla ya Honi ya Meli

Mwanzoni mwa 2024 meli ya utalii ya Norwegian Dawn ilifunga gati katika bandari ya Dar es Salaam. Urefu wake ni mita 294. Vilima vya Pugu, Kisarawe, vinafikia kama mita 305 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo meli ile ingesimamishwa wima ingekaribia kulingana na kilele chetu. Wapo watakaosema kilima kama hicho hakimstahili mgeni aliyevuka bahari. Mimi nakataa. Mgeni wa meli hushuka asubuhi na jioni anatakiwa awe ndani, basi mlima wake hupimwa kwa saa kwanza, mita baadaye.

Mrefu kuliko yote, na usiomfaa kuliko yote, ni Kilimanjaro, mita 5,895. Agosti 2014 Karl Egloff aliupanda na kuushuka kwa saa 6 na dakika 42. Kabla yake, mwaka 2006, Mtanzania Simon Mtuy alitumia saa 9 na dakika 21 akijibebea mahitaji yake bila msaidizi, na hiyo ndiyo rekodi ninayoiheshimu zaidi. Lakini mlima uko zaidi ya kilomita 500 kutoka gatini, na mwili wa kawaida unahitaji siku kadhaa kuizoea hewa nyepesi ya juu.

Mkali kuliko yote kwa siku moja ni Uluguru. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, Morogoro imekuwa mwendo wa chini ya saa mbili: unapita Pugu, unapita Soga ya Kibaha, ukishuka milima iko mbele yako. Njia ya Morningside, penye nyumba ya enzi za Wajerumani, inapanda hadi zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari kupitia mashamba ya Waluguru. Ni safari ya mwenye magoti mazima, na ya meli inayokaa bandarini mpaka usiku.

Kwa anayeshukia Mombasa, wa karibu ni Shimba Hills, ambako askari wa wanyamapori huwaongoza wageni kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick. Hapo ndipo mahali pekee Kenya penye palahala wa porini.

Narudi Pugu, maana hapa ndipo penye ugumu usiotarajiwa. Joto la pwani halipungui kwa kupanda mita 200. Chini ya miti hakuna upepo, shati linalowa kabla hujafika mbali, na mvua ikinyesha udongo unateleza vibaya. Vijia vya wakata kuni na wachoma mkaa vinakatiza njia ya kweli kila mahali, ndiyo maana usiingie bila mwongozaji anayeujua msitu. Mkaa huo huo, uliopikia vyungu vya Dar es Salaam kwa miaka mingi, ndio uliokula sehemu kubwa ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi, na kila mti unaoanguka huku unahesabika kule Jangwani wakati wa mafuriko.

Na humu ndimo anamoishi mdogo kuliko komba wote: komba wa Rondo, mwenye gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku, na mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Mwaka 2006 aliwekwa kwenye orodha ya nyani na jamaa zao 25 walio hatarini zaidi duniani. Anabaki katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Hutoka usiku, saa ambazo mgeni wa meli keshapanda ngazi zake. Sisi wa Dar, wenye daladala za Kisarawe, tunaweza kuomba mwongozaji na kukaa mpaka giza liingie.