Mjumbe au mwakilishi? Kura ya kijana wa Birere

Katika Birere, kijana anayemlaumu depite wake husema: "Tulimutuma." Kitenzi hicho kinastahili kuchunguzwa. Anayetumwa ni mjumbe: hubeba maneno ya waliomtuma, na akiyaacha njiani amekosa. Anayesema hivyo anaiona kura yake ya tarehe 20 Desemba 2023 kama ujumbe aliomkabidhi mtu aufikishe Kinshasa.

Sheria inasema jambo jingine. Kifungu cha 101 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba depite wa taifa anawakilisha taifa, na kwamba kila agizo la lazima kutoka kwa wapiga kura ni batili. Wazo hili lina historia. Mwaka 1789, wajumbe wa Ufaransa walikwenda Versailles wakibeba madaftari ya malalamiko ya watu wao. Walipojitangaza kuwa Bunge la Taifa, waliamua kwamba maagizo hayo hayatawafunga tena. Kiswahili nacho kinatofautisha mambo hayo mawili: mwakilishi ana asili moja na wakili, yaani mtu aliyepewa mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, kwa uamuzi wake mwenyewe.

Birere tena si jimbo la uchaguzi. Kura zake zinahesabiwa pamoja na za mji mzima wa Goma. Kijana anapiga kura akiwa na miaka 18, lakini hawezi kugombea kiti cha taifa kabla ya miaka 25. Kwa miaka saba anawakilishwa tu, na muhula mmoja wa depite ni miaka mitano.

Je, amebaki bila sauti? Hapana. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Agizo kwa depite halina nguvu ya kisheria; ombi hili linayo. Vijana wa Goma wanajua pia kudai bila kungoja uchaguzi: LUCHA ilizaliwa mjini humu mwaka 2012, ikidai maji na kazi.

Ila haki isiyosomeka haitumiki. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu zitangazwe. Hapo ndipo kitivo chetu kina kazi. Tuanze na vifungu viwili, cha 27 na cha 101, tuvitafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni Birere, na tuandae mfano wa ombi ambao muuza vitenge au dereva wa pikipiki anaweza kuujaza na kuutia sahihi.