Filamu za Mapenzi na Swali la Nyuma ya Pazia

Juma lililopita, baada ya sala ya Isha, tulikuwa wageni katika nyumba moja mjini Garissa. Kina mama walikuwa wakitazama filamu ya mapenzi ya Kihindi iliyotiwa sauti za Kisomali. Binti yao alitaka wamwekee Sultana, tamthilia ya Citizen TV iliyoanza 2022, ya msichana asiyeona wa pwani yetu. Mwenyeji wetu alituomba tuvikemee vyote.

Tukakemea. Katika nyingi ya filamu hizo wapenzi huafikiana wenyewe, walii hatajwi wala mahari, na faragha ya wasio maharimu huonyeshwa kama jambo la kawaida.

Mama wa nyumba akauliza kutoka nyuma ya pazia: "Sheikh, na yule mume anayemuuliza mkewe kama amekula, hilo nalo ni haramu?"

Mumewe aliinamisha kichwa. Nasi tulinyamaza, maana masharti ya nikaha tumeyasomesha miaka mingi, lakini mlango wa upole tumeupita mbio, hali Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha.

Darsa letu lijalo ni la waume.