Mzungu aliyesimama mu barabara ya Likasi

Mwaka 1952 Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville. Mzungu mumoja, Hugh Tracey, alifika na mashini yake ya kukamata sauti. Mu barabara akasikia kijana anapiga gitare kwa vidole viwili tu, lakini ukisikiliza utasema ni watu wawili. Tracey akasimama, akamwita, akakamata nyimbo zake. Yule kijana njo Mwenda Jean Bosco.

Wimbo wake « Masanga » ukapata zawadi ya Osborn, na kampuni Gallo ya Afrika ya Kusini ikauzisha disiki zake. Zikafika mpaka Nairobi, vijana wa kule wakajifunza gitare ya Katanga. Mu 1969 Bosco alipiga ku Newport, Marekani.

Tracey mwenyewe alizaliwa Uingereza mu 1903. Alikuja kijana ku Rodezia, kusaidia kaka yake mu shamba la tumbako, na wafanyakazi wa shamba njo walimfundisha nyimbo za kwanza. Wazungu mingi waliona zile nyimbo ni makelele tu. Yeye alizunguka inchi mingi kuzitafuta. Mashini ya kutoa umeme aliiacha mbali, akavuta waya mrefu, ili mungurumo usiingie mu wimbo. Hata ku migodi ya dhahabu ya Johannesburg alifuata ngoma za wafanyakazi, akaandika kitabu juu yake. Mu 1954 akaanzisha ILAM, nyumba ya kuchunga muziki wa Afrika. Alikufa mu 1977, lakini ile nyumba ingaliko.

Tusidanganyane: Bosco alijua gitare mbele ya Tracey kufika. Sisi watu wa mgodi tunajua: mwenye kuona malakiti hakuiumba. Lakini kama hakuna mwenye kuona, inabakia chini ya udongo.

Leo nyumba mingi ziko na simu yenye kukamata sauti. Na sisi tunatoka ku kazi, tunapita mtoto anapiga gitare ya bidoni, tunamwambia: « Acha makelele! » Wazee nao wanakufa na nyimbo zao. Tracey aliandika jina la mwenye kuimba, mahali na mwaka. Jioni hii tumwite mzee wetu, tuwashe simu, tuandike vilevile.