Kufungua si Kuvunja

Wako wengi miongoni mwetu ambao katika miaka hii wamejaliwa kupata gari dogo, nalo aghalabu ni gari lililokwisha kutumika Ujapani, likapakiwa melini, likateremshwa katika bandari ya Dar es Salaam. Mwenye gari hilo hulisafisha kila Jumapili na hulijaza mafuta kwa kadiri ya mfuko wake; mengine yote humwachia fundi. Hatumlaumu. Hata hivyo twaamini ya kuwa zipo kazi ambazo mfanyakazi mwenye mikono miwili na subira aweza kuzitenda uani pake. Moja ya kazi hizo ndiyo twayotaka kuieleza leo, nayo ni kukiondoa kile kisanduku kilicho katikati ya viti viwili vya mbele, ambacho dereva hulaza kiwiko juu ya kifuniko chake, na ndani yake huweka risiti, sarafu na miwani.

Msomaji atauliza: kisanduku hicho kimemkosea nani hata kiondolewe? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo chini ya kisanduku chenyewe. Katika Corolla nyingi, na katika magari mengine mengi yenye breki ya mkono ya kuvuta, nati ya kukazia waya wa breki hiyo imefichwa hapo, shinani mwa mpini. Miaka ipitapo waya hulegea. Mpini uliokuwa ukishika kwa kuvutwa kidogo sasa wapanda mpaka juu, na gari bado lataka kwenda. Aegeshaye gari katika vilima vya Mwanza, au katika njia za Lushoto kule Usambara, aijua maana ya maneno haya. Breki ya mkono isiyoshika ni hatari kwa kila apitaye nyuma ya gari, na mara nyingi apitaye hapo ni mtoto.

Sisi wenyewe tulifundishwa na makosa yetu. Jioni moja tuliegesha Corolla yetu kwenye mteremko mbele ya meza ya muuza matikiti. Hatujafika mbali, tukasikia kelele: gari lilikuwa linarudi nyuma polepole, na muuza matikiti amekwisha kulitia jiwe chini ya gurudumu. Tulimshukuru, tukamwomba jiwe lile, na kwa miezi mitatu tulitembea nalo kama mzigo wa aibu. Hatimaye tukasema, leo tutaikaza breki hii wenyewe. Tulichukua bisibisi, tukaisokomeza chini ya ukingo wa kisanduku, tukanyanyua kwa nguvu zetu zote. Kilichoitika ni mlio wa plastiki kuvunjika. Jirani yetu, fundi mzee, alikuja akatazama, akacheka kidogo, kisha akafungua kifuniko na kuinua kizulia kilichotandikwa ndani. Chini yake zilikuwako bolti mbili, zimetulia mahali pake, zikitungoja.

Basi hilo ndilo jambo kubwa katika kazi hii. Kisanduku hakikushikwa na nguvu, hata kikahitaji nguvu kukitoa. Kimeshikwa na skrubu, bolti na vishikizo vya plastiki, na waliokiunda wamevificha ili macho yasivione. Atafutaye kwanza hufungua. Atangulizaye nguvu huvunja.

Kazi na ianze mahali palipo tambarare. Magurudumu yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma, maana itafika saa ya kuilegeza breki ya mkono. Ufunguo utolewe. Kisha ufunguliwe waya wa hasi wa betri, ambao katika magari mengi ya Kijapani hufunguliwa kwa spana namba kumi. Saa na redio huenda zikasahau mambo yake, si neno.

Yafaa hapa tuseme kwa uwazi kwa nini betri hufunguliwa. Magari mengi ya siku hizi yana mifuko ya hewa ya kumkinga abiria wakati wa ajali, nayo hufumuka kwa kishindo kwa amri ya umeme. Chombo kitoacho amri hiyo aghalabu kimefungwa sakafuni, katikati ya gari, karibu kabisa na mahali tutakapotia mikono yetu. Vitabu vya mafundi wa Toyota vimekuwa vikiagiza mtu angoje angalau sekunde 90 baada ya kufungua betri, ili umeme uliobaki uishe. Sisi hunywa kikombe cha chai kwanza. Viungo vya nyaya vyenye rangi ya manjano ndivyo vya mifuko hiyo: visiguswe, visichomolewe, wala visipimwe kwa taa.

Sasa kisanduku na kitolewe vilivyomo, na kizulia cha ndani kiinuliwe. Viti visukumwe mbele, mtu atazame ubavuni na nyuma. Kisha visukumwe nyuma, atazame upande wa mbele. Skrubu nyingine hufichwa chini ya bamba linalozunguka mpini wa gia. Bamba hilo limeshikwa na vishikizo. Libanduliwe taratibu, kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa au kipande cha plastiki, si kwa chuma. Plastiki iliyokaa juani miaka ishirini ni kavu kama gamba, na asubuhi ya baridi huvunjika upesi zaidi. Afadhali kazi ifanywe mchana, gari limepata joto.

Kila skrubu itokapo iwekwe katika sahani kwa mpangilio wake, na kabla ya kuitoa ipigwe picha kwa simu. Zote zikiisha, mpini wa breki uvutwe juu ili usizuie, na kisanduku kiinuliwe kwa kuanzia nyuma. Kikikataa, tusikilazimishe: ipo skrubu tusiyoiona, au upo waya wa tundu la umeme ulioshika kwa chini. Waya huo utolewe kwa kubonyeza kishikizo cha kiungo chake, wala si kwa kuuvuta.

Nati ya breki sasa i wazi mbele yetu. Lakini tusiikimbilie. Ikiwa breki zenyewe za nyuma zimelika, kukaza waya ni kuficha ugonjwa. Hiyo ni kazi ya fundi. Zikiwa nzima, mpini ushushwe, nati ikazwe kidogo kidogo, na kila mara mpini uvutwe na milio yake ihesabiwe mpaka ifike idadi iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kisha gari liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya vigingi vya chuma, ijulikane kama magurudumu ya nyuma yazunguka bila kukwaruza mpini ukiwa chini. Breki iliyokazwa kupita kiasi huungua njiani. Na gari ambalo breki yake hushikwa kwa kubonyeza kitufe cha umeme, hilo haliingii katika maelezo haya.

Hatukuyasema haya ili mafundi wakose kazi. Mtu aliyewahi kukifungua kisanduku kwa mikono yake huheshimu zaidi kazi ya fundi, na ajua kuuliza swali la maana anapotajiwa bei. Kisanduku chetu bado chalia tupitapo barabara mbovu, kwa sababu ya ukingo tuliouvunja, nasi twauacha mlio huo utukumbushe. Lakini breki yashika, na jiwe tumelirudisha kwa mwenyewe.