Sikio Linalougua na Kujifunza Kusoma

Ikiwa unakaa karibu na bahari, huko Tanga, Pangani au Moa, bila shaka umepata kuzamia. Kichwa kikiwa majini, mwenzako aliye ufukoni akikuita, husikia mvumo tu, maneno huyatambui. Mtoto mdogo aliyeugua sikio aweza kusikia karibu hivyo kwa miezi mingi, naye yuko nchi kavu.

Umekwisha kujifunza kwamba sauti hutikisa kiwambo cha sikio, nacho hutikisa vifupa vitatu vya sikio la kati. Sehemu hiyo hupata hewa kwa mrija mwembamba utokao nyuma ya pua. Mrija wa mtoto mchanga ni mfupi, tena umelala kuliko wa mtu mzima. Kwa sababu hiyo, apatapo mafua, vijidudu huweza kupita kwa urahisi. Mrija ukiziba, sikio la kati hujaa majimaji au usaha, na kiwambo hakitikisiki vizuri. Pengine kiwambo hutoboka, usaha ukatoka nje. Pengine hakuna usaha wala maumivu, na hapo watu wa nyumbani hawatambui lolote.

Miaka hiyo ya kwanza ndiyo mtoto hukusanya maneno. Hafundishwi ubaoni, huyaokota kwa kuwasikia mama na bibi wakizungumza. Asiyesikia vizuri aweza kudhani kwamba fua na vua ni neno moja, ingawa anayefua hushika sabuni na anayevua hushika wavu. Afikapo shuleni hutakiwa kuunganisha kila herufi na sauti yake, nazo sauti hizo hakuzipata sawasawa. Huandika faa badala ya vaa. Huitwa mvivu au mkaidi, pengine huadhibiwa, na akili anazo.

Si kila mtoto augauye sikio hupatwa na hali hiyo. Wengi hupona na husema vizuri. Hatari huzidi masikio yote mawili yanapougua kwa muda mrefu.

Mchunguze mdogo wako. Je, hugeuka aitwapo kutoka nyuma? Je, hukodolea macho mdomo wa anayesema? Ukiona ana shida, au sikio linatoka usaha, waambie wazazi wampeleke zahanati. Ikihitajika, atapelekwa Hospitali ya Bombo, mjini Tanga. Mafuta ya nazi yasitiwe sikioni, wala njiti ya kiberiti. Sikio lililotoboka lisiingie maji. Mtoto huyo asizamie mpaka apone.

Jaribio: Mwenzako azibe masikio kwa vidole. Simama hatua kumi nyuma yake, useme kwa sauti ya kawaida: fua, saba, vaa, shaba, vua, faa. Yeye aandike kila neno baada ya kulisikia. Rudieni masikio yakiwa wazi, lakini ubadili mpangilio wa maneno. Ni maneno gani aliyoyachanganya mara ya kwanza?